Klabu ya sayansi kijijini: anza na doa la manjano

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile. Mwalimu mpya aliyepangiwa shule ya mbali anauliza afundisheje sayansi bila maabara. Kijana aliyemaliza chuo na kurudi kwao anauliza aanze na watoto wangapi. Mama mmoja aliniuliza kwa nini kila klabu inayoanzishwa kijijini kwao hubaki ya wavulana watupu baada ya wiki tatu. Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka, na sasa naona heri niandike yote pamoja, ili anayetaka kuanza Jumamosi ijayo aweze kuanza.

Mimi nafundisha shule ya msingi katika kijiji cha pwani, mkoa wa Tanga, kwa hiyo mifano yangu mingi ina bahari ndani yake. Wewe uliye Singida au Rukwa weka ng'ombe, mtama au ziwa mahali pa bahari. Kazi haibadiliki.

Jambo moja lijue mapema. Siku utakayotangaza klabu, watakaofika kwanza ni mtoto wa mwalimu, mtoto wa muuguzi na mtoto wa mwenye duka. Wakaribishe, nao ni watoto. Lakini hao wangeipata sayansi hata bila wewe. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wengine: msichana anayechota maji kabla ya kwenda shule, mtoto wa wavuvi wa dago, wale wanaohama na kupiga kambi mbali na kwao, ambaye msimu ukigeuka anahamishwa shule, mtoto mwenye ualbino asiyeuona ubao, mtoto kiziwi, na yule ambaye ameitwa mzito darasani mpaka ameamini. Hao hawaji kwa tangazo. Hufuatwa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ruhusa ya mwalimu mkuu na ya serikali ya kijiji. Usianze kimyakimya ukidhani utaeleza baadaye.
- Mtu mzima wa pili, na kama wewe ni mwanamume, basi awe mwanamke. Wazazi wa wasichana wataliangalia hilo kabla ya jingine lolote, na wana haki. Usikae peke yako na mtoto mmoja mahali pa faragha, hata kwa nia njema.
- Kivuli cha kutosha: mwembe, mkungu, au baraza ya shule.
- Daftari dogo na penseli kwa kila mtoto. Daftari kubwa ukilikata katikati unapata mawili.
- Daftari moja nene la klabu nzima. Kazi yake nitaieleza hatua ya 6.
- Manjano ya unga (bara wengi husema bizari), sabuni ya kipande, ndimu, siki, majivu ya kuni, magadi, chumvi, mayai mawili.
- Kitambaa cheupe kikuukuu.
- Chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, vikombe vyeupe na vijiko.
- Fimbo iliyonyooka ya mita 1, uzi na jiwe dogo la kutengenezea timazi, rula au futi kamba, na saa yoyote, hata ya simu.
- Ndoo ya maji safi na sabuni ya kunawa.

Darubini haihitajiki. Kompyuta haihitajiki. Makoti meupe ndiyo hayahitajiki kabisa: nimeona klabu iliyotumia fedha zake zote za mwaka kushona makoti ya picha, halafu ikakosa hela ya ndimu.

Hatua kwa hatua

1. Tembea nyumba kwa nyumba kabla ya kutangaza.

Tenga jioni tatu au nne. Orodhesha watoto 20, si zaidi, na hakikisha nusu yao au zaidi ni wasichana: usimwandike mvulana wa kumi na moja. Ukifika nyumbani usianze na sayansi. Anza na salamu ndefu kama ilivyo desturi, kisha uliza: "Huyu Jumamosi anakuwa na kazi gani, na saa ngapi anakuwa huru?" Mzazi akiona umeanza kwa kuheshimu kazi za nyumba yake, atakutafutia nafasi. Ukianza kwa kumwambia kwamba elimu ni muhimu, atakuitikia "ndiyo mwalimu" na mtoto hutamwona.

Kwa mtoto wa dago, mtafute mama au bibi aliyebaki naye. Akihama na wazazi, mpe daftari lake aende nalo, na umwambie akirudi nafasi yake ipo. Nafasi hiyo usimpe mwingine.

2. Panga siku kwa kuutazama mwezi.

Hapa ndipo klabu nyingi za pwani hufia. Mtu anapanga kila Jumamosi saa 4 asubuhi, wiki mbili mambo yanakwenda, ya tatu wasichana wote hawapo. Hawajachoka. Ni bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hupwa mbali, na kwetu maji makavu ya bamvua huangukia kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi au karibu na hapo. Akina mama wako kwenye mwani, wako miambani wakichokoa pweza na kuokota kombe, na binti zao wako nao. Wiki ya maji mafu bahari haikauki sana, na asubuhi huwa huru.

Basi wiki ya maji mafu kutaneni asubuhi, na wiki ya bamvua kutaneni baada ya alasiri. Uliza pia ratiba ya madrasa, usishindane nayo. Ukitaka kazi nzuri ya hesabu, wape watoto wenyewe wapange ratiba ya mwezi unaofuata. Waambie maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, wahesabu, halafu waende ufukweni kuona kama hesabu yao imekubali. Wengi wao watakuwa wanajua jibu kabla yako. Sema hivyo mbele ya wote: "Hili nyinyi mnalijua kuliko mimi."

Bara, kwa mwezi weka msimu wa palizi, siku za mnada, na zamu za kuchunga.

3. Siku ya kwanza: doa la manjano.

Usitoe hotuba. Usieleze sayansi ni nini. Chukua kitambaa cheupe, koroga kijiko cha chai cha manjano kwenye maji kidogo kipate kuwa kama uji, kipake kitambaa, kianike kikauke. Kazi hii ifanye siku moja kabla. Siku yenyewe kikate vipande, kila mtoto apate chake.

Uliza: "Nani amewahi kufua nguo yenye doa la mchuzi wa manjano?" Wasichana watanyoosha mikono. Wavulana wengi hawatanyoosha. Kwa watoto wengine hii itakuwa mara ya kwanza ujuzi wa kufua kuhesabiwa darasani. Uliza doa lilifanya nini lilipoguswa na sabuni. Yupo atakayesema liligeuka jekundu. Usimthibitishie. Mpe sabuni iliyoloweshwa, afanye.

Kipande kinageuka chekundu, cha kutu. Sasa kamulia ndimu juu yake, umanjano unarudi. Sabuni tena, wekundu unarudi. Waache warudie wapendavyo. Sisi siku ile tuliishia hapo na muda ukaisha. Kama muda upo, wajaribu maji ya majivu yaliyochujwa, magadi yaliyoyeyushwa na siki, na kila kimoja wabashiri kabla ya kugusa. Maelezo yanayotosha siku hiyo ni haya: vitu vichachu kama ndimu na siki ni asidi, vitu kama majivu, magadi na sabuni ni besi, na manjano hubadilika rangi yakikutana na besi. Mengine yatakuja kwa maswali.

*Tahadhari.* Usilete maji ya betri wala kostiki ya watengeneza sabuni. Vinaunguza ngozi na macho. Jiki iache nyumbani: ikichanganywa na siki au ndimu hutoa klorini, hewa ya sumu. Na hakuna kuonja, hata kama kilicho kikombeni ni ndimu. Sheria hiyo iwe ya kila siku ili mtoto asihitaji kukumbuka lini inatumika.

4. Kila jaribio libashiriwe kwanza.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mwalimu kufanya jaribio kama mchezo wa kiinimacho: watoto wanatazama, wanapiga makofi, wanaondoka. Mtoto ambaye hajabashiri hana cha kushangaa.

Jaribio la yai linafundisha hili vizuri. Weka yai bichi lisilo la zamani kwenye nusu lita ya maji ya kisima, linazama. Uliza: "Na kwenye maji ya bahari?" Kila mtoto aandike "litazama" au "litaelea", au achore. Kwetu karibu wote huandika litaelea, kwa sababu wanajua bahari inambeba mtu kuliko mto. Kisha liweke. Linazama.

Hapo kelele inakuwa kubwa, na hapo ndipo usitoe jibu. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na kwa yai bichi hiyo haitoshi. Wape chumvi na maji ya kisima, waongeze kijiko kimoja kimoja wakikoroga na kuandika idadi. Kwa nusu lita yai huanza kuinuka kwenye vijiko vya chakula 3 au 4. Kundi moja likipata 3 na jingine 5, usiseme nani amekosea. Waulize vijiko vilijazwaje. Mabishano ya kijiko cha kusawazisha na kijiko cha kilima yamewahi kutuchukua nusu saa nzima, na sikumbuki somo la vipimo lililoeleweka zaidi ya lile.

5. Gawa kazi kwa zamu, na zamu ziandikwe.

Ukiwaacha wajipange, mvulana mkubwa atashika vifaa na msichana mwenye mwandiko mzuri atafanywa katibu wa kudumu. Atatoka na daftari safi na mikono isiyogusa kitu. Unda makundi ya watoto wanne. Kazi ni nne: anayeshika, anayepima, anayeandika, anayesema mbele ya wote. Andika kazi kwenye vipande vya boksi, vizunguke kila jaribio, hata kama katikati ya siku moja.

Ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kumchagua wa kujibu. Ni muda mrefu, utaona haya. Vumilia. Mkono wa kwanza ni wa yuleyule kila siku. Mkono wa saba ndio uliokuja kumtafuta.

Kwa mtoto mwenye ualbino, majaribio ya nje yafanywe mapema asubuhi au jioni, avae kofia pana na mikono mirefu, na kazi inayotaka jua la mchana yeye ashike saa na daftari kivulini, asiachwe nje ya kazi. Andika kwa herufi kubwa. Kwa mtoto kiziwi, simama mahali anapouona uso wako, onyesha kabla ya kusema, na muulize yeye na ndugu zake ishara wanazotumia nyumbani, kisha kundi lote lijifunze.

Acha nieleze kisa kimoja. Tulikuwa tunatazama tone la maji juu ya plastiki inayopitisha mwanga likikuza herufi za gazeti. Msichana wetu mwenye ualbino, aliyekuwa akisoma kwa kugusisha kitabu puani, alichukua chupa iliyojaa maji, akailaza juu ya mstari wa kitabu, akausoma kwa sauti. Halafu akauliza kwa nini herufi zimerefuka kwenda juu lakini hazijapanuka. Sikuwa nimewahi kuliona hilo. Chupa iliyolazwa imepinda upande mmoja tu, kwa hiyo inakuza upande mmoja tu, lakini tulifika hapo baada ya wiki mbili za kulaza na kuzungusha chupa, na aliyetufikisha ni yeye. (Chupa za maji zisiachwe juani juu ya karatasi au majani makavu, hukusanya mwanga na zinaweza kuwasha moto.)

6. Daftari la maswali.

Lile daftari nene ni la maswali peke yake. Mtoto akiuliza jambo, liandikwe kwa maneno yake, na jina lake, na tarehe. Kila kikao kianze kwa kusoma swali moja la zamani. Ukilijua jibu, uliza kwanza tungewezaje kulijaribu. Usipolijua, sema "sijui" kwa sauti ya kawaida na uliache liendelee kukaa.

Na sheria ya pili ya klabu, baada ya ile ya kutoonja: hachekwi mtu kwa swali.

Wasimulie watoto habari za Erasto Mpemba, kwa sababu alisoma katika mkoa wetu. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, na ilitakiwa mchanganyiko upoe kwanza ndipo uingizwe kwenye friza. Nafasi ilikuwa inaisha, akauingiza wake ungali moto. Ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne alirudi akalijaribu jambo lile, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo duniani huitwa athari ya Mpemba, na wanasayansi wangali wanabishana lini hutokea na kwa nini. Watoto wangu wakisikia kwamba mabishano hayajaisha, huuliza kama friza ya dukani tunaweza kuazima. Muombe mwenye duka. Matokeo yenu yanaweza kwenda upande wowote. Yaandikeni kama yalivyotoka.

7. Anzisha kazi moja ya muda mrefu: kivuli.

Majaribio ya siku moja huvutia, lakini kazi ya mwaka ndiyo inayomfanya mtoto ajione ana kitu chake. Simika fimbo ya mita 1 mahali pasipopitwa na mbuzi. Pima unyoofu kwa timazi. Mara moja kwa wiki, kuanzia saa 6 mchana mpaka saa 7, mtoto wa zamu aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5, kisha apime kilicho kifupi kuliko vyote na kuandika urefu, saa na upande kinakoelekea.

Watagundua mambo mawili, usiwatangulie. La kwanza, kivuli kifupi hakiji saa 6 kamili. Hapa Tanga hubadilika mwaka mzima kati ya saa 6 na dakika 7 na saa 6 na dakika 38 hivi, maana saa zetu zimepangwa kwa jua la mashariki zaidi ya tulipo. La pili, kivuli huhama upande. Mwezi Juni cha adhuhuri huelekea kusini na ni cha sentimita 54 hivi. Desemba huelekea kaskazini, sentimita 33 hivi. Katikati zipo siku ambazo hakionekani kabisa: karibu 7 au 8 Machi, na 5 au 6 Oktoba. Dar es Salaam, kwa kuwa wako kusini zaidi, ni mwanzoni mwa Machi na karibu 10 Oktoba. Siku hiyo waalike wazazi. Mzee wa miaka sabini aliitazama fimbo yetu isiyo na kivuli akacheka kama mtoto.

*Tahadhari.* Hakuna kulitazama jua, wala kwa miwani ya giza, wala kupitia chupa. Kazi yetu ni ya kivuli, macho yabaki chini.

8. Walete wataalamu wa kijiji.

Mvuvi wa jarife (wavu wa kunasia papa), mama wa mwani, mganga wa mifugo, fundi wa ngalawa. Muombe kila mmoja alete swali analolijua kwa kazi yake, asilete nasaha. Mama mmoja alituletea mwani uliofifia rangi na kutuuliza kwa nini huharibika maji yakipata joto. Swali hilo lingali kwenye daftari letu. Hapo niliwasimulia watoto kuhusu Dkt. Flower Msuya, aliyeutafiti mwani akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, akifanya kazi na wanawake wanaoulima. Wasichana walitaka kujua kama naye huingia majini.

Na pwani hii usimsahau silikanti. Wanasayansi waliamini samaki huyo alitoweka tangu zama za dinosaria mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga na Kigombe wamekuwa wakimnasa kwenye jarife, na 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mtoto akijua kwamba baba zake waliwapa wanasayansi kazi, hukaa kwenye mkeka kwa namna nyingine.

9. Lugha: Kiswahili kwanza, daraja mwishoni.

Fanya klabu kwa Kiswahili, na mtoto akitumia neno la Kidigo au Kisegeju, mwache amalize kwanza. Usimkatize kumrekebisha istilahi. Wazo linakatika pamoja na sentensi. Lakini usijidanganye kwamba lugha haitamfuata: kidato cha kwanza anaenda kukutana na sayansi kwa Kiingereza, na wengi, hasa waliokuwa na wasiwasi tangu mwanzo, huhitimisha kwamba sayansi imewashinda wakati kilichowashinda ni maneno. Kati ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba na kufunguliwa kwa sekondari Januari kuna miezi mitatu mitupu. Itumie. Rudieni majaribio yaleyale, doa, yai, kivuli, safari hii kila kitu kikiwa na kibandiko cha jina lake la Kiingereza. Mtoto anajifunza neno jipya kwa kitu anachokijua tayari. Na wakifika sekondari, waambie waulize shuleni kuhusu maonyesho ya Young Scientists Tanzania. Mradi wa kivuli au wa maji ya kisima unatosha kuanza nao.

Mambo yakikwama

*Kitambaa hakigeuki chekundu.* Manjano mengi ya dukani yamechanganywa na unga. Nunua mizizi, kausha, twanga. Au sabuni yako si kali. Jaribu magadi au maji ya majivu.

*Yai linaelea hata kwenye maji matupu.* Ni la zamani, hewa imeongezeka ndani yake. Usilitupe. Waulize watoto kwa nini mayai mawili yanatofautiana, umepata somo jingine. Kulipasua mfanyie nje.

*Kivuli hakisomeki kwa mawingu.* Andikeni "mawingu" na tarehe. Mtoto asijaze namba ya kubuni ili safu isiwe tupu. Ukimfumania amebuni, usimwaibishe. Mwonyeshe jinsi namba ile inavyoruka kwenye mchoro.

*Wasichana wameanza kupungua.* Usihubiri darasani. Nenda nyumbani. Mara nyingi utakuta mambo manne: saa imegongana na kazi, kuna mvulana anayemkejeli, njia ya kurudi inaingiwa na giza, au yuko kwenye hedhi na shuleni hakuna maji wala pa kujistiri. La kwanza rekebisha ratiba. La pili mkabili mvulana siku hiyohiyo. La tatu fungeni mapema na warudi kwa makundi. La nne mwachie mtu mzima wa kike wa klabu, na hakikisha ndoo ya maji na pedi za akiba zipo bila mtoto kulazimika kuomba mbele za watu.

*Mzazi anasema ni kupoteza muda.* Mwalike aje mara moja na alete kitu cha kazi yake. Hoja zako hazitamshinda. Mtoto wake akimweleza maji yatapwa saa ngapi Jumanne ijayo na yakapwa, basi.

*Watoto wanangoja jibu lako.* Wamezoea darasa. Kwa mwezi mzima kila wakikuuliza "ni sahihi, mwalimu?" wajibu "tutajuaje?" Watachukia wiki ya kwanza.

*Umeulizwa usilolijua, na mgeni kutoka wilayani amekaa hapo.* Mwombe mtoto aliandike kwenye daftari la maswali, mbele ya mgeni, kama siku zote.

*Fedha zimekwisha.* Kivuli, tone la maji, ratiba ya maji kupwa na kujaa, mbegu za kunde kwenye kitambaa chenye unyevu: vyote ni bure. Tulikaa muhula mzima kwa hivyo.

*Wamebaki watoto watatu.* Endelea na watatu, siku ileile, saa ileile. Wakati huohuo rudia hatua ya 1.

*Umepata uhamisho.* Usiondoke na daftari la maswali. Mkabidhi mwalimu anayebaki, mbele ya watoto, na kabla ya kufanya hivyo soma nao ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kila swali kwa jina la aliyeuliza. Yaliyopata majibu yawekeeni alama. Fimbo iacheni palepale iliposimikwa. Ikihamishwa na kusimikwa kwa urefu mwingine au penye mteremko, vipimo vya nyuma havitalingana na vya mbele.